Jua ni la wote, paa ni la mwenye nyumba

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, TANESCO, shirika letu la umeme Tanzania, wakitajwa tu, lazima mtu anitupie swali: "Wewe uko Ujerumani kwenye masola na yale mapangaboi makubwa ya kufua umeme wa upepo, umeme huko si bure kabisa?"

Si bure, ndugu zangu. Kazi yangu ni kufunga sola kwenye mapaa hapa Leipzig, na bado uniti moja nyumbani kwangu inanitoka karibu senti 38 za euro. Kwa hela yetu inapita shilingi elfu moja. Nyumbani uniti ni shilingi 356, kodi na tozo zikiwa ndani. Ila kabla hamjanihurumia, pimeni kwa kipato. Kima cha chini cha mshahara hapa mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa kabla ya makato, na saa hiyo moja ilinunua uniti zaidi ya 30. Kibarua wa Mbagala anayelipwa 10,000 kwa siku anapata uniti 28 kwa jasho la kutwa nzima. Bei kubwa ni ya kwetu huku, lakini maumivu ni ya kwenu.

Sasa hilo jua linasaidia nini, ikiwa zaidi ya nusu ya umeme wa Ujerumani unatokana na jua, upepo na ndugu zao? Sokoni linashusha bei kweli. Kuna mchana wa Mei bei ya jumla inateremka hadi chini ya sifuri. Jua likizama na upepo ukilala, mara nyingi mtambo wa gesi ndio unaopanga bei ya umeme wote. Juu yake unabandikwa ushuru wa nyaya, kisha kodi, hadi bili ikifika mlangoni haina undugu wowote na ule mchana wa Mei.

Kinachonikera mimi ni nani amelipia. Sheria ya mwaka 2000 iliwahakikishia wenye sola bei maalumu kwa miaka 20. Mwenye nyumba aliyefunga mwaka 2004 alilipwa zaidi ya senti 50 kwa kila uniti aliyoingiza kwenye gridi. Hela ilitoka kwenye bili za watu, kupitia tozo iliyofika senti 6.88 kwa uniti mwaka 2017. Viwanda vikubwa vinavyokula umeme vilipewa nafuu. Mpangaji wa ghorofa ya nne, asiye na paa, alilipa tozo nzima. Tozo ilifutwa Julai 2022, mzigo ukahamia kwenye bajeti ya serikali. Sikatai kwamba michango ile ndiyo iliyosaidia kushusha bei ya paneli dunia nzima, hadi Kariakoo. Lakini bibi anayeishi kwa pensheni hapa mtaani hajawahi kuulizwa kama anataka kumchangia fundi wa Kibiti.

Afadhali sasa kuna sola za roshani: paneli mbili unazifunga kwenye kingo, unachomeka waya kwenye soketi ya ukutani, basi. Mwisho wati 800, na tangu 2024 mwenye nyumba hawezi kukukatalia bila sababu nzito.

Kuhusu ajira, nendeni Thalheim, si mbali na hapa. Mwaka 2008 kampuni ya Q-Cells ya pale ilikuwa inaongoza duniani kwa kutengeneza seli za sola. Mwaka 2012 ikafilisika, Wakorea wakainunua, na mwaka 2015 uzalishaji pale ukafungwa. Mwaka 2024 kiwanda cha paneli cha Freiberg nacho kikafungwa, watu kama 500 wakakosa kazi. Sisi wa juu ya paa bado tupo. Asubuhi za Novemba vigae vina barafu, tunafungua makasha yaliyoandikwa Kichina, vidole vimekufa ganzi, na simu za wateja haziishi.

Nyumbani tuna Bwawa la Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115. Limetupunguzia mgao, nalipigia makofi. Maelfu walipata kazi zege likimwagwa. Zege lilipokauka wengi wakarudi makwao, maana mitambo haihitaji umati. Bei ya uniti haikushuka.

Na huko pia anayeumia ni mpangaji. Kuna bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, lakini ni ya mwenye mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Chukua nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja. Kila chumba kinatumia uniti 20, mita inasoma 120, wote wanaangukia bei ya juu. Halafu ndiyo ule ugomvi wa mwenye friji na mwenye feni, nani achange ngapi, umeme ukikatika saa mbili usiku kila mtu yuko kimya chumbani kwake.

Ningekuwa na sauti, ningeanza na mita ya kila chumba, kabla ya paneli yoyote. Pili, vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wafundishwe sola kwa undani: kukokotoa betri, kufunga inveta, kuweka ethi. Viwanda China imeshavichukua, tusijidanganye. Ila paa la Tandika linapandwa na mtu aliyepo Tandika, na hadi sasa wengi wanaolipanda wanajifunzia kwa mteja.