Magombo ya Qumran: Biblia haijaguswa au imechezewa?

Mhadhara wa dini ukishachangamka lazima mtu atoe magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyokutwa mapangoni Qumran karibu na bahari hiyo, kama ushahidi wa kufunga mjadala, na cha ajabu pande zote mbili zinayatoa, huyu anasema yamethibitisha Biblia haijaguswa, yule anasema yamethibitisha imechezewa. Mimi nimekaa nayo muda mrefu haya mambo na naona kila mmoja kachukua kipande kinachomfaa akaacha kingine.

Wa kwanza wana hoja nzito jamani. Kabla vijana wa Kibedui hawajakuta ile mitungi pangoni Qumran, 1947 hivi, Agano la Kale kamili la Kiebrania la zamani kuliko yote lilikuwa la mwaka 1008 baada ya Kristo. Ghafla linatoka gombo la Isaya, sura zote 66, ngozi 17 zimeshonwa pamoja mpaka mita 7 na ushee, limeandikwa miaka 100 na zaidi kabla ya Yesu kuzaliwa. Umerudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja na unamkuta Isaya yuleyule, tofauti nyingi ni za tahajia na neno hapa na pale.

Lakini sasa ingia pango la 4 la hukohuko Qumran. Vimetoka vipande vya Yeremia vya aina mbili, vingine vinafanana na Yeremia tunayemsoma, vingine vinafuata yule Yeremia mfupi ambaye tulikuwa tunamjua kwenye tafsiri ya Kigiriki tu, watu wakadhani labda watafsiri ndo walipunguza, kumbe Kiebrania chake kilikuwepo. Na Goliathi kwenye Samweli wa pango hilohilo ana dhiraa 4 na shubiri, sio 6 na shubiri kama kwenye Biblia zetu, yaani kutoka karibu mita 3 anashuka mpaka kama 2. Huwezi kusema hapo hamna tofauti.

Ila tofauti sio hila. Ukisema imechezewa inabidi uonyeshe mtu aliyekaa akabadilisha kwa makusudi ili adanganye, na pango linaonyesha matoleo yamelala pamoja. Mambo ya nani alikuwa na magombo hayo, kundi la Kiyahudi la Waesene au maktaba za Yerusalemu zilizofichwa Warumi wasizikute, bado wataalamu wanabishana na wala hayabadilishi hili.

Kuna sehemu moja ningependa kila mtu aione kabla hajapanda jukwaani. Makumbusho ya Israel waliliweka gombo lote la Isaya mtandaoni 2011. Vuta karibu safu ya 33, sura ya 40. Maneno "majani yakauka, ua lanyauka" yanakuja mara mbili, mnakili jicho likaruka kutoka ya kwanza kwenda ya pili akaacha maneno ya katikati. Baadae mkono mwingine ukaja ukayabana yale maneno juu ya mstari, nafasi ikaisha, yakateremka pembeni kwenye ukingo wa safu, na mstari uliokuwa unarekebishwa ni uleule unaoishia "neno la Mungu wetu litasimama milele".