Ukarabati Ndio Unaomhitaji Zaidi Msanifu Majengo

Anayetaka kujenga nyumba Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza kwa kawaida huwa na watu wawili wa kuwaendea. Wa kwanza ni fundi aliyejenga nyumba ya jirani, ambaye akitajiwa idadi ya vyumba hukadiria papo hapo matofali, mifuko ya saruji na nondo zitakazohitajika. Wa pili ni msanifu majengo, ambaye hutaka kwanza kukiona kiwanja, kuuliza maswali mengi na kulipwa kabla tofali la kwanza halijalazwa. Wengi humchagua fundi, na ramani hununuliwa mtandaoni ikiwa imekwisha kuchorwa, kwa kuwa maombi ya kibali cha ujenzi lazima yaambatane na michoro. Wachache wanaomwajiri msanifu humwajiri kwa ajili ya nyumba mpya; likija suala la kuongeza vyumba, kubomoa ukuta au kupandisha ghorofa, kazi hurudi kwa fundi peke yake. Kwa maoni yangu, mpangilio huo umepinduliwa.

Hoja za wasiomtaka msanifu zinastahili kusikilizwa, kwa sababu si za ubahili mtupu. Nyumba nyingi nchini hazijengwi kwa mkopo wa benki. Hujengwa kwa mshahara, kwa mavuno na kwa upatu. Mwaka huu msingi, mwakani boma, na kupaua ni pale fedha itakapopatikana, huku bei ya bati ikiwa imebadilika na pengine familia imeongezeka. Mkataba wa usanifu wenye mwanzo na mwisho unaojulikana haulingani na ujenzi wa namna hiyo, ilhali fundi huitwa tena kila awamu. Isitoshe, nyumba ya chini ya vyumba vitatu kwenye kiwanja tambarare chenye udongo mgumu haina mafumbo mengi, na fundi mzoefu ameijenga mara nyingi. Lipo pia suala la malipo: ada ya msanifu ikikokotolewa kwa asilimia ya gharama ya ujenzi, mteja huanza kujiuliza kama kuna atakayehangaika kuipunguza gharama hiyo. Sioni kosa katika shaka hiyo.

Hata hivyo, ramani iliyochorwa bila kiwanja haijui jua linachomoza upande gani wa nyumba hiyo. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam, kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua la chini la asubuhi na jioni, na upepo wa kusi na wa kaskazi ndio unaopoza vyumba, ikiwa madirisha yamepangwa kuupokea. Ramani ya kununua huweza kukiweka chumba cha kulala magharibi kabisa, na mwenye nyumba akalipia kosa hilo kwa umeme wa kiyoyozi.

Mfano ulio wazi zaidi ni paa la kuficha, ambalo sasa ndilo fasheni. Kuta huinuliwa kulizunguka paa, bati hulazwa kwa mteremko mdogo nyuma yake, na maji ya mvua hukusanywa kwenye mfereji ulio upande wa ndani wa ukuta. Masika yakifika na majani ya mwembe yakaziba mdomo wa bomba, maji hayana pa kwenda isipokuwa chini, na baada ya siku chache doa la kahawia hutokeza kwenye dari ya jipsamu. Picha iliyo kwenye simu, ambayo fundi aliifuata kwa uaminifu wote, haikuonyesha kiasi cha mteremko, kina cha mfereji wala tundu la dharura la kumwagia maji nje. Mchoro wa mkato, unaoionyesha nyumba kana kwamba imekatwa wima, ungeonyesha hayo yote kwenye karatasi moja.

Tukija kwenye ukarabati, mafumbo huongezeka. Nyumba iliyopo huficha habari zake: kina cha msingi, nondo zilizomo ndani ya nguzo kama nguzo zipo, na ukuta upi umebeba mzigo. Anayetaka kupandisha ghorofa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini anahitaji mhandisi wa kuukagua, na anahitaji msanifu wa kumwambia mapema kwamba ngazi nayo inataka nafasi. Kutoka sakafu hadi sakafu kukiwa na mita 3, na kila kidato kikiwa na kimo cha sentimita 17 hivi, ngazi itakuwa na vidato 18. Ikinyooka moja kwa moja, kwa upana wa kidato wa sentimita 27, itachukua zaidi ya mita 4.5 za sebule. Asiyepiga hesabu hiyo huigundua baada ya zege kumwagwa, na hapo hupatikana ngazi iliyosimama mno, ambayo wazee hawaipandi.

Majengo ya kale ni magumu zaidi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta ni za mawe na chokaa, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba sakafu hazivuki sana mita 3. Kuupiga ukuta kama huo plasta ya saruji hufungia unyevu ndani, kwa hiyo bidii ya fundi asiyejua chokaa huharibu kile alichoitiwa kukitengeneza. Ni kweli kwamba utaalamu nao si kinga kamili: Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani katika Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, ikiwa katikati ya mradi wa ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Hilo linaonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Silioni kuwa sababu ya kumwachia mtu aliye na ujuzi mdogo zaidi.

Kwa nyumba mpya ya kawaida, basi, naona inatosha kumlipa msanifu aliyesajiliwa chini ya sheria ya usajili wa wasanifu majengo (Na. 4 ya mwaka 2010) aipitie ramani iliyonunuliwa akiwa kwenye kiwanja chenyewe, aigeuze kulingana na jua na upepo, kisha amwachie fundi. Kwa ukarabati, awepo kabla nyundo haijagusa ukuta, na mkataba utaje idadi ya safari zake za kukagua kazi, kwa sababu wapo wanaokabidhi michoro na wasionekane tena. Malipo yawe ya kiasi maalumu kwa kila hatua, si kwa asilimia, ili mwenye nyumba aweze kusimama mwaka mzima fedha ikikatika na kumwita tena bila kuanza upya. Atakachotafuta kwa taabu ni ofisi inayokubali kazi ndogo ya namna hiyo.