Kadi ya zaka na neema ya Mungu

Minada ya korosho ikishaanza huku kusini mwa Tanzania, Masasi, Newala na Tandahimba, makanisa nayo hukumbusha waumini zaka. Sina neno na hilo; bati halipandi juu ya kanisa kwa maombi peke yake. Ninachokikataa ni kauli ya msibani: marehemu hakuwa "hai" kanisani, kadi yake ya zaka haina alama za malipo, kwa hiyo wokovu wake ni wa mashaka. Hapo fedha imepewa kazi ambayo Paulo aliinyima kila tendo letu: "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu" (Waefeso 2:8).

Wanaoitetea kauli hiyo wana hoja nzito. Wanasema ukihubiri neema tupu, watu watabatizwa, watasherehekea Pasaka, halafu warudi shambani kumdhulumu kibarua aliyewaokotea korosho. Wanamleta Yakobo: imani isiyo na matendo imekufa. Nakubaliana nao kabisa kwamba imani inayomwacha mtu jinsi alivyokuwa ni ya kutiliwa shaka. Ila wamsome Yakobo mpaka mwisho. Matendo anayoyataja katika sura ya 2 ni kumvika na kumlisha ndugu aliyekosa nguo na riziki, na katika sura ya 5 anawakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Kwa kipimo hicho, mwenye shamba aliyejaza kadi yake huku vibarua wanamdai ndiye mwenye hatari, kuliko mjane ambaye kadi yake ni tupu.

Historia ya huku kusini inanisaidia kuliona jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Mwanglikana Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachwa huru, wakaweka makazi Masasi. Walilima, wakajenga. Jembe lile halikuwanunulia uhuru. Walilishika wakiwa huru tayari. Matendo mema nayaona hivyo hivyo, ni kazi ya mtu aliyekwisha kukombolewa.

Hata Wakatoliki na Walutheri, waliogawanyika juu ya suala hili tangu karne ya 16, walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999. Walikiri kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, na kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayetuwezesha kutenda mema. Tofauti zilibaki, lakini hilo la msingi waliafikiana.

Kanisa lina haki ya kumwonya muumini aliyelegea. Basi wazee wa kanisa wamfuate nyumbani angali hai, na kabla ya kuuliza habari za kadi, wamuulize kama korosho zake zimelipwa na kama ndani hakuna mgonjwa.