Panya vibeti wa Lamu na hesabu ya tisa

Kijana mmoja wa mtaa wa Langoni anafuga panya vibeti ghorofani kwao. Habari ilipofika barazani, wazee wakasema autoe uchafu huo nyumbani. Wenzake wakajibu kwamba wazee wamepitwa na wakati. Mimi nilipanda ngazi kuwaona.

Hawa si wale wa kwenye makuti. Ni ukoo wa panya wa maabara, ila wamekosa homoni ya ukuaji. Kasoro ya namna hii ilionekana Japani mwaka 1977. Panya wa kufugwa wa kawaida hufika gramu 300 hadi 500, kibeti mzima ni gramu mia na kitu tu. Mmoja alikaa kiganjani mwangu, akaanza kujipangusa uso kwa mikono miwili. Mungu anisamehe, nilimkumbuka mtu anayetawadha.

Wazee wana hoja ya dini: panya yumo katika wale watano ambao hadithi ya Mtume imeruhusu wauawe hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka. Anayesimama hapo simbishii. Hoja ya maradhi ndiyo inayosemwa kwa jumla mno. Homa ya panya huenezwa zaidi na mkojo wa panya wa mitaroni. Aliyezaliwa kizimbani, asiyechangamana na wa nje, hatari yake ni ndogo, ingawa ipo: mwaka 2017 huko Marekani virusi vya Seoul viliwapata watu kutoka kwa panya wa kufugwa.

Na matunzo ya yule kijana, sijui wangapi humtunza hivyo hata punda wao. Wavu ni wa tundu dogo, maana kibeti hupenya pasipopenyeka. Hamweki mmoja peke yake, kwa kuwa panya akikosa mwenzake hunyong'onyea. Unga wa mbao wa mafundi nakshi ameukataa ingawa ni wa bure, kwa sababu mapafu ya panya hayastahimili vumbi. Anatandika matambara na kuyafua kabla harufu ya mkojo haijawa kali. Panya hatoki jasho mwilini kama sisi, joto lake hupungulia mkiani, hivyo jua la Machi likishika anawawekea chupa ya barafu iliyoviringwa kitambaa. Tena udogo huo una heri yake: uvimbe wa matiti, unaowasumbua sana majike wa kawaida, maabara imeuona kwa uchache kwa waliokosa homoni hiyo.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba anataka kuwazalisha auze. Alio nao ni wachache, wote ndugu, na ndugu wakizidi kupandana damu huchoka, kwa hiyo anapanga kuleta panya wakubwa wachanganye. Ukibeti lazima utoke kwa baba na kwa mama. Uzao wa kwanza wote watakuwa wakubwa. Wakipandana hao, kwa wastani robo tu ndio vibeti. Mimba ni siku 21 hadi 23. Wakizaliwa 12, tarajia vibeti watatu. Tisa ni wakubwa ambao hakuna aliyewaagiza, na sita kati yao wameubeba ukibeti bila kuonekana kwa macho. Usipotenga madume na majike wakifika wiki ya tano, wanaanza kuzaana wenyewe. Huo ni uzao mmoja wa jike mmoja.

Nikamuuliza: tisa hao utampa nani, katika mji wa paka kama huu? Akasema, "Nitawaachia shambani, ami."

Sasa tazama. Wazee wanataka awatoe nje, naye mwenyewe anapanga kuwatoa nje. Panya aliyezoea kulishwa mkononi ama ataliwa na paka kabla ya alfajiri, ama ataingia mtaroni kuchangamana na wale wale tunaowaogopa. Kizimba chake ndicho kinachotukinga. Alio nao awaweke mpaka wamalize umri wao, miaka miwili au mitatu, madume mbali na majike, na wale wakubwa asiwalete kabisa.