Hardwick Hall: tusisifu vioo tu

Kila anayeisimulia Hardwick Hall, ile nyumba ya kilimani kule Derbyshire, Uingereza, huanza na madirisha. Sishangai. Waingereza wenyewe waliitungia msemo wa vina kwamba vioo vyake vimezidi kuta. Ilijengwa kati ya 1590 na 1597, zama ambazo kioo kilikuwa ghali, na mwenyewe alitaka watu waone. Bess wa Hardwick, mama aliyezika waume wanne na kila mara akabaki na mali, hakuwa na haya hata kidogo: juu ya minara yake sita alisimamisha herufi ES za mawe, yaani Elizabeth Shrewsbury: Bess ni kifupi cha Elizabeth, na Shrewsbury ni cheo alichopata kwa mume wake wa nne, aliyekuwa Earl wa Shrewsbury.

Mimi sifa nazipeleka kwenye ukuta ambao mgeni haoni. Katikati ya nyumba umepita ukuta mnene, na humo ndimo zilimopitishwa dohani nyingi. Moto ukishahamia ndani, ukuta wa nje unabaki huru kutobolewa madirisha. Robert Smythson, anayetajwa kuwa ndiye mbunifu wake, alianza kazi kama mwashi, na hapa uashi unaonekana. Hata hivyo kuna ujanja: baadhi ya madirisha nyuma yake ni dohani tupu. Yamewekwa ili safu ilingane. Wapo wanaouita ulaghai; mimi nacheka tu, kwani hata cheo huvaliwa nje.

Na cheo ndicho kilichopanga ghorofa. Chini, kwenye dari fupi, ni watumishi; juu yao familia; juu kabisa, penye madirisha marefu kuliko yote, kumbi za wageni wa heshima. Ngazi ya mawe inakuzungusha nyumba nzima kabla ya kukufikisha kwenye ukumbi mkuu, ambako lipu iliyofinyangwa na kupakwa rangi inazunguka juu ya kuta: msitu, wanyama, na Diana, mungu wa kike wa uwindaji. Chakula nacho kilipanda ngazi hiyohiyo kwa msafara, kutoka jikoni chini. Naihurumia supu.

Tangu 1959 nyumba iko mikononi mwa National Trust, shirika la Uingereza linalohifadhi majengo ya kale, na hapo ndipo ninapotabasamu. Mwanga huchubua rangi za mazulia ya ukutani ya kale, kwa hiyo madirisha yale ya kujivunia hushushiwa mapazia. Mgeni hupita kwenye kumbi za Bess katika nusu giza.