Bondeni tulime, ukingo tuuache

Kila kiangazi malumbano ni yale yale: bwana mazingira anadai mita 60 kutoka mtoni zisilimwe, mkulima anajibu kwamba hizo mita 60 ndizo shamba lake lote. Wote wana hoja, ila wanachanganya bonde na ukingo.

Bonde ni ile tambarare ambayo mto huifurika na kuiachia tope. Rufiji wana kilimo cha mlau: maji ya masika yakishuka, mahindi, kunde na maboga hupandwa kwenye udongo uliolowa, yakaiva bila kumwagiliwa na bila mbolea ya dukani. Hasara zake zinajulikana. Maji yakichelewa kushuka, msimu umekwenda. Yakija makubwa kama ya Aprili 2024, yanaondoka na mpunga na mahindi yaliyokuwa shambani. Na sasa juu ya mto huo kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bwawa lolote hunasa tope nyuma ya ukuta wake, kwa hiyo mkulima wa chini yake asitegemee rutuba ya bure kama zamani. Aanze kukusanya samadi mapema.

Ukingo ni habari nyingine. Kinachoushikilia ni mizizi ya matete, mikuyu na nyasi ndefu. Ukifyeka hayo ukapanda mihogo, umeng'oa nguzo. Tena mihogo hukaa ardhini miezi tisa au zaidi, na siku ya kuvuna unachimbua udongo wote uliokuwa umeshikana. Migomba nayo hudanganya macho kwa ukubwa wake, lakini mizizi yake mingi haiendi chini sana, hivyo huanguka pamoja na kipande cha ukingo.

Wengi hudhani ukingo humeguka mafuriko yakiwa juu. Mara nyingi humeguka siku chache baadaye. Udongo bado umejaa maji na ni mzito, huku mto uliokuwa ukiuegemeza umeshashuka. Tembea juu ya ukingo wiki hiyo uangalie chini: ukiona ufa mwembamba unaofuata mkondo, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, kipande hicho kiko njiani kwenda mtoni. Kwenye kona hali ni mbaya zaidi upande wa nje, maana maji hugonga hapo na kula udongo kwa chini. Upande wa ndani mchanga huongezeka, ndiyo maana jirani wa ng'ambo anazidi kupata ardhi wewe ukipoteza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, ndiyo inayozuia ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru kingo. Naiunga mkono, ila vipimo vinavyoanzia kwenye maji ya kiangazi ni mchezo tu. Tafuta takataka zilizonasa matawini na alama za tope kwenye magogo, uanzie hapo. Palipokwisha kuwa wazi panda mabingobingo, au nyasi za vetiva kwa mistari inayofuata mkondo, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Mikaratusi usiilete, inakunywa mno. Shambani kwenyewe matuta yalale sambamba na mto. Yakielekea mtoni, kila mvua ni mfereji.

Kisingizio cha kulima ukingoni ili kuwa karibu na maji hakina nguvu siku hizi. Pampu ya petroli ya inchi 2 husukuma maji mita 60 za tambarare bila shida. Inachoshindwa ni kunyonya: ikikaa zaidi ya mita 7 juu ya maji, itanguruma tu. Isogeze chini, mpira wa kunyonya uwe mgumu, viungo visivuje hewa, na uijaze maji kabla ya kuwasha. Chini yake weka karai la kudaka mafuta. Bomba la dawa lioshewe shambani, kamwe si mtoni. Na palipo na kichocho, anayechota kwa ndoo akiwa amezama hadi magotini anajitafutia ugonjwa ambao mpira ungemwepusha nao.

Mito ya mjini kama Msimbazi ni kesi ya peke yake. Mchicha hukatwa baada ya wiki tatu au nne na pesa ni ya haraka, lakini maji hayo yamepokea maji taka na uchafu wa viwandani. Kuosha huondoa tope na kupunguza vijidudu. Madini mazito yaliyokwisha kuingia kwenye jani hayatoki. Sehemu hizo nisingelima mboga kabisa. Miche ya maua na ya miti ya kivuli ina wateja Dar es Salaam, na hakuna anayeila.