Nje, Si Njoo

Ndege ya waya haina breki, haina akseleta, na haina swichi ya kuzimia. Ukishaiachia, mmefunga ndoa mpaka mafuta yaishe. Naomba mlishike hilo, maana yote yaliyonikuta yametokana nalo, na mke wangu bado anaamini ningeweza kuizima ila nilikuwa najionyesha.

Sisemi zile za rimoti. Hii ya kwangu ni ya kizamani: nyaya mbili nyembamba za chuma, futi 60, yaani kama mita 18, zinatoka kwenye kishikio mkononi mwako mpaka ncha ya bawa la kushoto. Ndani ya bawa kuna kipande kidogo cha pembetatu kinachocheza kwenye skrubu, nacho kinasukuma fimbo inayokwenda kwenye kibao cha mkiani. Ukiinua kiganja, ndege inapanda. Ukiinamisha, inashuka. Basi, elimu imeisha. Kushoto na kulia hakuna, kwa sababu inakuzunguka wewe. Wewe ndiye mti, yenyewe ndiyo mbuzi. Tofauti ni kwamba mbuzi huyu anakimbia kilomita 80 kwa saa, anakuvuta mkono kwa uzito wa kilo mbili na ushei, na kila baada ya sekunde tano amemaliza mzunguko.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Ujuzi wangu wote wa urubani ulikuwa tiara za gazeti, vijiti vya ufagio wa chelewa na gundi ya uji wa muhogo. Maisha yakanitupa Portland, Oregon, huko Marekani, nyumba ya pili kutoka kwa mzee mmoja mstaafu ambaye gereji yake haijawahi kuona gari. Imejaa mabawa mpaka darini. Siku ya kwanza nilidhani ni fundi wa majeneza ya ndege.

Kumbe nimehamia kitovuni kabisa. Jim Walker, mtu wa Portland hiyohiyo, ndiye aliyeueneza mchezo huu na kuuita U-Control, akauza ndege yake ya Fireball kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa na hataza pia, mpaka mwaka 1955 mahakama ikaitengua, baada ya kuonekana kwamba mwenzake wa Oregon hukohuko, Oba St. Clair, alisharusha ndege ya namna hiyo tangu miaka ya 1930. Mzee wangu huisimulia kesi ile kwa uchungu, kama mshabiki wa Coastal Union anayesimulia penalti ya utotoni. Lakini kilichoniteka mimi si kesi. Ni kwamba Jim Walker alikuwa akirusha ndege tatu kwa pamoja: moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto, ya tatu ameifunga kichwani. Nikajiambia, kama binadamu anaweza tatu, mimi na elimu yangu ya tiara nitashindwa na moja?

Nikaijenga majira yote ya baridi. Ni ya aina ya Ringmaster, bawa la inchi 42, ramani ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mbao zake ni balsa, mti wa Ekwado mwepesi kiasi kwamba ukipiga chafya unatafuta vipande chini ya kochi. Juu unavisha karatasi laini, unaipaka vanishi, inakauka na kukaza kama ngozi ya ngoma. Vanishi yenyewe inanuka balaa. Mama Salma alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaniuliza kwa upole ule unaotisha: "Baba Salma, hivi ndege hii inajengwa, au inavutwa?"

Injini nilipewa na mzee, Fox 35, ya zamani lakini nzima. Hiyo 35 ni ujazo wake, inchi za ujazo 0.35, kikombe cha kahawa hakijai. Inakunywa methanoli, nitromethani kidogo, na mafuta ya nyonyo ya kulainishia. Ndiyo, nyonyo ileile. Bibi yangu alikuwa akitunywesha kijiko kizima kila likizo ili "kusafisha tumbo", na leo moshi wake ukinipitia puani, miguu inaanza kutafuta mlango wa choo yenyewe.

Mzee alinifundisha miezi miwili. Ya kwanza niliiangusha, ya pili niliiangusha, ya tatu nikaitengeneza kutokana na zile mbili. Masharti yake yalikuwa machache, na hayakuwa na mjadala. Vuta nyaya kwa nguvu kabla ya kuruka, uone kama zinashika. Funga kamba ya usalama kwenye kifundo cha mkono, ili kishikio kisikuponyoke ukapeleka ndege kwa majirani. Tazama ndege tu, usitazame kilicho nyuma yake, utalewa. Mwanafunzi hajazi tangi. Na usirushe penye watu.

Sasa ikaja Idi Kubwa ya 2022, Jumamosi, jua linawaka, jambo ambalo Portland hulihesabu kuwa baraka ya pili ya siku. Tukaswali, kisha tukakutana kwenye bustani moja kubwa: Watanzania, Wakenya, Wakongo, mikeka imetandikwa, masufuria ya pilau yamefunikwa na mataulo. Mzee alikuwa amesafiri. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa nimeibeba ndege kwenye buti, "kwa bahati tu".

Shemeji yangu, kaka wa Mama Salma, ndiye aliyeiona. Mtu mzima, mwili wa haja, kanzu nyeupe pe, makubadhi mapya. "Shemeji, hii inaruka kweli au ni pambo?" Neno "pambo" liliniingia kama mwiba. Nikatafuta uwanja mtupu mbali na mikeka, nikajiambia huku si penye watu, watu wako kule. Nikapima hatua. Nikavuta nyaya. Nikafunga kamba mkononi. Halafu nikajaza tangi mpaka shingoni, maana siku ya Idi mgeni hapewi nusu sahani.

Salma akapewa simu ampigie bibi yake kwa video. Kwetu saa tano asubuhi, Tanga saa tatu usiku, Mama yangu yuko macho na kanga yake ya sikukuu.

Kazi ya shemeji ilikuwa moja: kuishika ndege kwa nyuma injini ikiwaka, nikipunga mkono aachie, halafu abaki palepale mpaka nimwambie. Nikaweka betri kwenye plagi, nikaipiga propela kwa kijiti, Fox ikakohoa, ikalia. Sauti yake inapasua hewa kama msumeno wa umeme uliopewa habari mbaya. Nikakimbilia katikati, nikakamata kishikio, nikapunga.

Akaachia vizuri sana. Ndege ikakimbia majani futi kumi, ikainuka, tamu kabisa. Na shemeji akaifuata! Kanzu kaishika kwa mikono miwili, anaikimbiza ndege kama mtoto anayekimbiza gari la matangazo. Hakujua kwamba ndege inayokwenda mbele yako kwenye duara, baada ya sekunde tano inatokea mgongoni kwako.

Nikapiga kelele: "Nje! Nje! Nje!"

Kwa mlio ule, akasikia: "Njoo! Njoo! Njoo!"

Akaja. Mbio. Anakatisha duara moja kwa moja kuja kwangu, na zile nyaya zinafagia uwanja mzima kama fyekeo. Nikainua kiganja mpaka ndege ikapanda juu, nyaya zikampita juu ya kofia kwa kipimo ambacho sitaki kukikumbuka. Alipousikia ule mvumo wa waya kichwani, ndipo akaelewa. Na binadamu akielewa jambo kama lile hatafuti mlango, anatafuta mtu. Akanirukia kwa nyuma, akanikumbatia kiunoni, akafumba macho.

"Shemeji, izime!"

"Haizimwi!"

"Iachie basi!"

"Imefungwa!"

"Nani kaifunga?"

Hilo sikulijibu.

Ikabidi tuzunguke pamoja. Mimi mbele, mkono umenyooka, yeye nyuma kaning'ang'ania, kifua chake mgongoni kwangu, tunapiga hatua za kando kando, kushoto, kushoto, kushoto, mzunguko mmoja kila sekunde tano. Akikosea hatua, ananikanyaga. Nikikanyagwa, kiganja kinainama. Kiganja kikiinama, ndege inaporomoka kuelekea ardhini, na sote wawili tunasema "Yaa Latifu" kwa sauti moja. Jim Walker alikuwa mtu mmoja na ndege tatu. Sisi tulikuwa watu wawili na ndege moja, na bado hatukutosha.

Tangi lililojaa ni kama dakika sita. Sekunde tano kwa mzunguko. Pigeni hesabu wenyewe, mimi niliipiga nikiwa palepale na haikunisaidia.

Watu wakaanza kusimama. Kwa mbali, ukiangalia bila kujua kuna nyaya, unachokiona ni wanaume wawili wa heshima waliokumbatiana katikati ya uwanja wakizunguka. Kina mama wakadhani ni mchezo tumeuandaa. Mmoja akapiga kigelegele. Wakongo, Mungu awape heri, wakaanza kupiga makofi ya mdundo, na kibaya zaidi miguu yetu ikaufuata.

Halafu nikagundua duara linahama.

Mzee alikuwa amenionya: rubani aliyelewa hatulii mahali pamoja, upepo na kizunguzungu vinamsukuma polepole, na popote aendapo duara linakwenda naye. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwenye mikeka. Kila mzunguko tulikuwa tunasogea kama hatua moja. Mzunguko wa ishirini ndege ilipita mbali na pilau. Mzunguko wa arobaini ilipita karibu na pilau. Mama Salma, ambaye hajawahi kusoma ramani ya ndege hata moja, alielewa haraka kuliko mimi. Nikamsikia: "Inueni masufuria! Huyu mtu anakuja na duara lake!"

Kina mama wakainua. Nani amewahi kuona sufuria la kilo kumi za mchele likikimbia? Mimi nimeliona, sekunde tano tano, kila nikigeuka: sasa liko mkekani, sasa liko hewani, sasa liko chini ya mti limezungukwa na ulinzi. Watoto wakabebwa. Mikate ya kumimina ikabebwa. Kilichosahaulika ni beseni moja la kachumbari.

Hapo shemeji akafumbua macho. Nilisahau kumwambia habari ya kutotazama nyuma ya ndege. Akaona miti, mikeka, magari na watu vyote vinakwenda kasi upande mmoja, na maandazi ya asubuhi yakaomba ruhusa. Nilihisi tumbo lake likijikunja mgongoni kwangu. Nikasema, "Shemeji, vumilia, imebaki kidogo." Kanzu yangu ilikuwa mpya.

Injini ikakata. Ghafla, kimya.

Sasa, injini ikikata, ndege inateleza hewani bila nguvu, na rubani anatakiwa arudi nyuma ili nyaya zibaki zimekaza. Nikarudi nyuma. Nyuma kulikuwa na kilo tisini za shemeji. Nyaya zikalegea, na ndege iliyolegea nyaya haina tena mwenyewe. Ikatulia, ikachagua, ikashuka taratibu kwa adabu ambayo sikuwahi kuifikia katika miezi miwili ya mafunzo. Ikagusa mkeka kwa magurudumu yote mawili, ikateleza, ikaingiza pua kwenye beseni la kachumbari na kusimama mkia juu.

Sisi tulianguka. Si kwa kupenda, ardhi ndiyo iliyoinuka ikatupiga. Nikalala chali naliangalia jua likizunguka, na pembeni yangu maandazi yakaruhusiwa.

Mama mmoja wa Pangani akaliinamia beseni, akanusa, akajivuta nyuma. Nyanya na vitunguu vinaelea na mafuta meusi.

"Hii ni nyonyo," akasema.

"Ndiyo, shangazi," nikajibu nikiwa chini. "Na methanoli. Mwageni, asionje mtu."

"Yaani pilau la Idi unataka tulile na haluli!"

Mama Salma hakusema kitu. Alikuja, akafungua kamba mkononi mwangu kwa kidole kimoja kama mtu anayemfungua mbuzi, akaondoka na kishikio. Mpaka leo sijui amekificha wapi. Ndege yenyewe ilivunjika propela tu, nikanunua nyingine wiki ileile. Mzee aliporudi nikamsimulia yote, akanisikiliza kwa makini, mwisho akaniuliza swali moja: injini ilikata yenyewe bila kukohoa? Nikamwambia ndiyo. Akaridhika sana na mchanganyiko wa mafuta.

Ndipo Salma akaniletea simu. Bibi yake bado yupo hewani, na nyuma yake nusu ya mtaa wa Ngamiani imejazana kwenye kioo.

"Idi mubarak, mwanangu," Mama akasema. "Tumefurahi. Hiyo ngoma mmejifunza kwa nani?"

"Si ngoma, Mama. Nilikuwa narusha ndege."

Kimya. Nikamsikia akiwauliza waliokuwa nyuma yake, nao wakimjibu. Nikaelewa: kitu cha inchi 42 kinachokwenda kasi ile hakikamatwi na simu ya mtoto wa miaka tisa.

"Ndege hatukuiona, baba," akasema. "Kilichoruka tumeona kimoja tu. Kubadhi la shemeji yako."